Rangi ya etiketi inasema nini, na haisemi nini? Kuelewa namna hatari za dawa za mashamba zinavyopangwa



Msimu unakaribia na komite za manunuzi zimeanza kuandika liste ya vitu vya kununua pamoja: mbegu, mbolea, dawa. Katika mikutano tunayohudhuria, maswali juu ya dawa ni mawili: inaua viwavi vizuri? Na bei ni ngapi? Hayo ni maswali ya haki, kwani feza ni ya wamemba wote. Lakini kuna swali la tatu ambalo linapashwa kuulizwa mbele ya feza kutoka kwenye kesi: dawa hii iko katika kundi gani la hatari, na nani kati yetu ataishika?

Wengi wetu tumesikia kwamba rangi nyekundu chini ya etiketi ni mbaya na rangi ya kijani ni nzuri. Hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu. Ile rangi inajibu swali moja peke yake: mtu akiingiza dawa hii mwilini leo, inaweza kumwua haraka kiasi gani? Haijibu juu ya kansa, haijibu juu ya mtoto aliye tumboni, haijibu juu ya samaki wa mto. Kwa hiyo tunapashwa kujua kusoma vitu vitatu pamoja: rangi, picha, na sentensi. Katika toleo hili tunavieleza kimoja kimoja.

Hatari na riski si kitu kimoja

Tuanze na maneno mawili ambayo watu wanayachanganya, hata watu wa ofisi.

Mamba wa mto Ruzizi ni hatari. Meno yake ni yale yale asubuhi na jioni. Lakini mtu anayekaa mlimani kule Walungu na hashuki mtoni, uwezekano wake wa kuumwa na mamba ni kama haupo. Mama anayechota maji ukingoni kila asubuhi, uwezekano wake ni mkubwa. Mamba ni mmoja, watu wawili hawako sawa.

Katika dawa ni vile vile. *Hatari* ni uwezo wa kuumiza ambao uko ndani ya dawa yenyewe, hata chupa ikiwa imefungwa. *Riski* ni uwezekano kwamba dawa hiyo itakufikia na kukuumiza, kufuatana na namna unavyoishika: kwa mikono mitupu au na ganti, mara moja kwa mwaka au kila juma, pompa nzima au pompa inayovuja mgongoni.

Makundi tunayoyaeleza hapa yanapima hatari. Riski haiandikwi kwenye chupa, kwani aliyetengeneza dawa hajui shamba lako wala pompa yako. Hiyo ni kazi yetu sisi wenyewe.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa kansa la OMS, lenye makao Lyon kule Ufaransa, liliweka glifosati, dawa ya kuua majani, katika kundi la vitu vyenye pengine vinaleta kansa kwa mtu. Mwaka 2016, kamati nyingine ya wataalamu wa FAO na OMS ilisema kwamba kiasi cha glifosati kinachobaki kwenye chakula hakielekei kuleta kansa. Watu walisema wataalamu wanapingana. Lakini maswali yalikuwa mawili. Wa kwanza waliuliza: kitu hiki kina uwezo wa kuleta kansa? Hiyo ni hatari. Wa pili waliuliza: kwa kiasi ambacho mtu anakula, kitamfikia vya kutosha? Hiyo ni riski. Na mtu mwenye anapompa dawa siku nzima hayuko sawa na mtu mwenye anakula chakula tu.

Makundi ya OMS na rangi nne

Tangu mwaka 1975, OMS inapanga dawa za mashamba kufuatana na nguvu yake ya kuua haraka. Kipimo kinaitwa DL50. Maana yake: kiasi cha dawa kinachoua nusu ya panya waliopewa, kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili. Kinaandikwa kwa miligramu. Hapa watu wengi wanapotea: *namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi*, kwani kiasi kidogo kinatosha kuua.

Kwa sumu inayomezwa, makundi ni haya:

- *Kundi Ia, mstari mwekundu*: kali kupita kiasi. DL50 iko chini ya 5.
- *Kundi Ib, mstari mwekundu*: kali sana. DL50 ni 5 hadi 50.
- *Kundi II, mstari wa njano*: kali ya katikati. DL50 ni 50 hadi 2000.
- *Kundi III, mstari wa bluu*: kali kidogo. DL50 inapita 2000.
- *Kundi U, mstari wa kijani*: haielekei kuua haraka ikitumiwa kama kawaida. DL50 ni 5000 na zaidi.

Kuna pia kipimo cha ngozi. Dawa ikiwa na nguvu zaidi kwa kupita kwenye ngozi kuliko kwa kumezwa, inawekwa katika kundi lile kali. Hilo linatugusa sana, kwani mkulima hanywi dawa, lakini ngozi yake inainywa. Ngozi ya paji la uso, ya makwapa na ya sehemu za siri inapitisha dawa haraka kuliko ngozi ngumu ya kiganja. Sasa fikiri juu ya pompa inayovuja: maji yanashuka mgongoni, yanaingia kwenye suruali, yanakaa pale mpaka jioni.

Kumbuka tena maneno haya: *kwa kila kilo ya uzito*. Baba wa kilo 60 na mtoto wa kilo 10 wakimeza kiasi kile kile, mtoto amepata mara 6 zaidi. Ndiyo maana kifuniko kimoja cha dawa ambacho mkubwa angepona, mtoto hawezi kupona.

Juu ya nini dawa moja inakuwa na rangi mbili?

Tumeulizwa na wamemba: "Chupa mbili ni lambda-sihalotrini, moja iko na njano na nyingine bluu. Muuzaji alitudanganya?" Hapana, si lazima. Kile kinachoua wadudu kinaitwa *matière active*, yaani dawa yenyewe. Ndani ya chupa imechanganywa na vitu vingine, na asilimia yake inatofautiana.

Hesabu yake si ngumu. Chukua DL50 ya dawa yenyewe, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa asilimia iliyo ndani ya chupa. DL50 ya lambda-sihalotrini safi ni 56. Chupa ya asilimia 5: 56 mara 100, gawanya kwa 5, inatoka 1120. Hiyo ni kundi II, njano. Chupa ya asilimia 2,5: inatoka 2240. Hiyo ni kundi III, bluu. OMS inakubali hesabu hii pale ambapo chupa yenyewe haikupimwa.

Hesabu hii inatufundisha jambo lingine la maana. Mtu anayeweka mililita 30 za dawa katika pompa ya litre 15 ameichanganya na maji karibu mara 500. Kwa hiyo dakika yenye hatari kubwa kuliko zote si wakati wa kutembea shambani na pompa. Ni pale unapofungua chupa, unapima na kumimina dawa kabla haijakutana na maji. Lakini sisi tunafanya kinyume: tunavaa ganti ya kupompa, na wakati wa kupima tunatumia kifuniko na vidole vitupu, na mtoto anashika ndoo karibu.

Mahali ambapo rangi inaweza kutudanganya

*Njano ni kundi pana mno.* Kutoka DL50 ya 50 mpaka 2000 ni mbali sana. Ndani ya njano kuna dawa ambazo zinakaribia nyekundu na nyingine zinazokaribia bluu. Parakwati, dawa ya kuua majani, OMS inaiweka kundi II. Lakini panya si mtu, na parakwati inamwumiza mtu kwa kiasi kidogo kuliko panya. Ikimezwa inaharibu mapafu na figo, na hakuna dawa ya kuipinga inayojulikana hospitalini. Mtu anaweza kuonekana mzima siku za kwanza na kufa kisha siku kadhaa. Umoja wa Ulaya umeifunga tangu mwaka 2007. Rangi ni njano tu.

*Kijani haisemi chochote juu ya miaka inayokuja.* Wakulima wa viazi ulaya kule Lubero na Masisi, na wa tomati katika bonde la Ruzizi, wanajua mankozebu, unga wa kupinga mildiu. Etiketi ya Kifransa inaandika *mancozèbe*. OMS inaiweka kundi U, ile ya kijani, na ni kweli kwamba kuua mtu kwa siku moja ni vigumu. Kwa sababu hiyo tunaona watu wakiikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiko. Lakini mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu, na kati ya sababu zake ni kwamba inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni na kuvuruga homoni za mwili. Mama mwenye mimba ambaye anafua nguo za kupompa kila juma, rangi ya kijani haimwelezi neno hilo.

*Dawa nyingine hazina kundi.* Vidonge vya fosfidi ya aluminiumu, ambavyo watu wanaweka katika mahindi na maharagi ya stoki, vinatoa gazi vikikutana na unyevu, hata unyevu wa hewa tu. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gazi ya fosfini. OMS haikuweka dawa za gazi katika makundi yale matano, kwani kipimo cha kumeza hakifai kwa kitu kinachouzwa ili kivutwe na wadudu. Kukosa rangi kwake si usalama. Ni moja ya sumu zenye nguvu zaidi tulizo nazo vijijini, na haina dawa ya kuipinga. *Usiweke kamwe kidonge hicho katika nyumba ambamo watu wanalala, hata kama stoki iko chumba kingine.* Maski ya kitambaa au ya vumbi haizuii gazi.

Picha: mpangilio wa pili

Ili kujibu maswali ambayo rangi haijibu, Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2003 mpangilio mwingine kwa ajili ya bidhaa zote za kimia, si za shamba tu. Kwa Kifransa unaitwa SGH. Utaukuta kwenye chupa ya dawa, kwenye bidon ya asidi ya batri, kwenye javeli. Una picha 9, kila moja ndani ya pembe nne yenye mpaka mwekundu iliyosimama kwa ncha.

Picha 5 ni za kujua kwa moyo katika depo ya koperative:

- *Fuvu la kichwa na mifupa miwili*: inaua au inatia sumu haraka.
- *Alama ya mshangao (!)*: inadhuru, lakini kwa nguvu ndogo kuliko fuvu, au inawasha ngozi na macho, au inaleta aleji.
- *Kivuli cha mtu mwenye nyota kifuani*: ugonjwa wa baadaye. Kansa, uzazi, mtoto tumboni, viungo vya ndani, mapafu.
- *Maji yanayomwagika na kula mkono na chuma*: inaunguza ngozi au inapofusha macho.
- *Mti uliokauka na samaki aliyekufa*: inaua viumbe vya maji. Pompa isioshwe mtoni wala kwenye bwawa la tilapia.

Nyingine 4 ni mwali wa moto, mwali juu ya duara, bomu linalopasuka, na chupa ya gazi. Zinaonyesha hatari ya moto na ya kupasuka. Ukiona mwali, chupa hiyo haikai karibu na esansi, mazutu, wala mahali mlinzi anapopikia.

Sasa tunaweza kurudi kwa ile njano pana. Kwa sumu inayomezwa, SGH inaweka fuvu mpaka DL50 ya 300. Kutoka 300 mpaka 2000 inaweka alama ya mshangao. Kwa hiyo chupa mbili za njano zinaweza kuwa na picha tofauti. *Njano na fuvu* si sawa na *njano na mshangao*. Kama koperative inapashwa kuchagua kati ya hizo mbili kwa mdudu yule yule, picha imekwisha kukupa jibu.

Neno moja na sentensi fupi

Karibu na picha kuna neno moja kubwa. *DANGER* ni hatari kubwa, na linaandikwa vile vile kwa Kifransa na kwa Kiingereza. Kwa hatari ndogo kuliko hiyo, Kifransa kinaandika *ATTENTION*, na Kiingereza kinaandika *WARNING*. Tunayataja yote kwani dawa mingi katika masoko yetu ya mashariki inapita kutoka Uganda au Rwanda, na etiketi yake ni ya Kiingereza.

Kisha kuna sentensi fupi. Katika hizo za Kifransa, maneno matatu yanapanga ngazi:

- *Mortel*: inaua. Fuvu, DANGER.
- *Toxique*: ni sumu kali. Fuvu, DANGER.
- *Nocif*: inadhuru. Mshangao, ATTENTION.

Na neno linalofuata linaonyesha mlango ambao sumu inapitia: *ingestion* ni kwa kinywa, *contact cutané* ni kwa ngozi, *inhalation* ni kwa kuvuta pumzi. Hili ndilo linasema ukinge nini kwanza. Chupa inayosema *mortel par inhalation*, ganti peke yake haitakuokoa.

Mara nyingine sentensi iko na namba inayoanza na herufi H. Tazama tarakimu ya kwanza tu: H2 ni moto na kupasuka, H3 ni afya ya mtu, H4 ni maji na mazingira. Mfano, H300 ni "inaua ikimezwa", H360 ni "inaweza kudhuru uzazi au mtoto tumboni". Hata mtu asiyesoma Kifransa vizuri anaweza kutafuta namba hiyo, na mtoto wa shule anaweza kumsaidia.

Chupa isiyo na etiketi

Yote tuliyoeleza yanakufa pale muuzaji anapomimina dawa katika chupa ndogo ya maji au ya soda ili auze kidogo kidogo. Tunaelewa juu ya nini watu wananunua vile: chupa nzima ni ya bei, na shamba la aré tano halihitaji litre moja. Lakini pamoja na kile kipimo kidogo, mkulima amepoteza rangi, picha, sentensi, tarehe ya mwisho, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mara mingi kinachouzwa vile kwa ajili ya kunguni na wadudu wa nyumbani ni diklorvosi, ambayo wengine wanaijua kwa herufi DDVP. Hiyo ni kundi Ib. Ni nyekundu, lakini chupa ya soda haina mstari mwekundu, na mtoto mwenye kiu anaona soda.

Kuna pia sababu ya hospitali. Muganga akipokea mtu mwenye anatoka jasho, mate mingi na kutetemeka, na mboni za macho zimekuwa ndogo sana, atafikiri juu ya sumu za kundi la diklorvosi, na kuna dawa ya kuzipinga: atropini. Kwa sumu nyingine, kazi yake ni tofauti kabisa. Etiketi ndiyo inamwambia haraka. Mgonjwa aende na etiketi, au na chupa yenyewe imefungwa ndani ya mfuko. Dakika zinazopotea kwa kubahatisha zinaweza kuwa zile za mwisho.

Hapa koperative ina nguvu ambayo mkulima peke yake hana. Mkinunua pamoja, mnanunua chupa nzima yenye etiketi, na mnagawana *kazi ya kupompa*, si dawa ndani ya chupa ndogo. Watu wawili au watatu waliofundishwa, wenye vifaa, wanapompa mashamba ya wamemba kwa zamu, na dawa inabaki katika depo yenye ufunguo.

Baada ya kujua kundi: ngazi ya kinga

Kupanga hatari bila kufanya kitu ni kuhesabu ng'ombe wa jirani. Wataalamu wa usalama wa kazi wanafuata ngazi moja, kwa hatari za kimia na pia kwa hatari nyingine za depo kama mzigo mzito, vumbi, na mashine ya kusaga isiyo na kifuniko. Tunaanza juu, tunashuka:

1. *Kuondoa hatari.* Je, lazima tupompe? Kuokota viwavi kwa mkono katika mahindi machanga, kubadilisha mazao, kupanda aina inayovumilia mildiu.
2. *Kubadilisha.* Kama lazima, tuchague dawa ya kundi dogo inayofanya kazi ile ile.
3. *Kuweka kizuizi.* Depo yenye ufunguo na dirisha la hewa, pompa isiyovuja, kipimo chenye alama badala ya kifuniko.
4. *Kupanga kazi.* Asubuhi mapema, upepo ukiwa mdogo. Watoto na wamama wenye mimba mbali. Mtu mmoja asipompe kila siku.
5. *Vifaa vya mwili.* Ganti, buti, miwani, nguo ndefu, maski inayofaa.

Vifaa viko mwisho kwani vinachoka, vinapasuka, na jua likiwa kali mtu anavivua. Kanuni ya mwenendo ya FAO na OMS juu ya dawa inasema wazi kwamba dawa zinazodai vifaa vya kusumbua, vya bei kubwa au visivyopatikana ziepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Huyo ni sisi. Kwa hiyo nyekundu haifai kuingia katika depo ya koperative, hata ikiwa bei nzuri.

Mnatuuliza, tunajibu

*"Nikishakupompa nikunywe maziwa au mawese, sumu inatoka?"* Hapana. Maziwa na mawese si dawa ya kuondoa sumu. Kinachosaidia ni kuvua nguo haraka, kunawa mwili wote na maji mingi na sabuni. Kama imeingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15, kisha kituo cha afya.

*"Dawa isiyo na harufu ni salama?"* Harufu haimo katika kipimo hata kimoja tulichoeleza. Kuna sumu kali isiyo na harufu.

*"Bidon tupu tunaweza kuwekea mawese au maji?"* Hapana, hata ukiosha mara 10. Suuza mara 3, maji ya kusuuza yaingie katika pompa, kisha toboa bidon ili mtu asiitumie tena.

Zoezi la mkutano ujao

Tunaomba kila koperative ifanye kazi hii mbele ya kupitisha liste ya manunuzi. Inachukua saa moja. Mwenye depo avae ganti na atoe chupa zote nje, chini ya kivuli, watoto wakiwa mbali. Zipangwe katika mafungu 5: nyekundu, njano yenye fuvu, njano yenye mshangao, bluu na kijani, na zisizo na etiketi au rangi. Kisha mpite tena katika mafungu yote mkitafuta picha ya mtu mwenye nyota kifuani, na kila chupa yenye picha hiyo iandikwe katika kitabu, hata ikiwa ya kijani.

Fungu la kwanza na lile la mwisho zisirudi kwa wamemba. Zifungiwe peke yake, zisimwagwe shimoni wala mtoni, na mumwite agronome wa sekteri au moniteri wa kilimo ili awaambie zinapelekwa wapi. Kwa njano yenye fuvu, wamemba wajadili: kuna nyingine ya kundi dogo? Kama hakuna, nani ataishika, na ana vifaa gani? Wamama wawepo katika mjadala huo, kwani wao ndio wanafua zile nguo.

Matokeo muyaandike katika kitabu cha koperative na mtuletee nakala katika ziara yetu. Tukiona dawa ambayo makoperative mingi yanashindwa kupata badala yake, tutaieleza katika toleo linalofuata.